Mashine ya Giung Isiguswe

13 Juni, Ijumaa

Jana tulimsindikiza Giung hadi kwenye tanuru la kuchomea maiti. Alikuwa mtu wa mabega mapana, hata mlango wa lifti aliupita upandeupande. Akarudi ndani ya chombo kisichozidi chungu cha wali, na mama yake akakipakata njia nzima bila kutoa chozi.

Leo nimerudi kazini. Sijaandika shajara tangu shuleni, lakini nisipoandika nitamtukana mtu, na aliye karibu nami kutukanwa ni Mkuu Ban.

Tulikuwa watatu ofisini. Sasa ni Mkuu na mimi. Giung alianguka Jumanne kwenye maegesho, mkononi ana kahawa ya kopo, baada ya zamu za usiku mfululizo alizopangiwa na Mkuu. Daktari alisema moyo. Mimi nasema zamu. Hilo sijamwambia mtu.

14 Juni

Nimelala. Nimeamka. Nimelala tena.

16 Juni, Jumatatu

Kazi yetu ni simu ya hujambo. Kila siku saa moja asubuhi mashine zetu huwapigia wazee wanaoishi peke yao katika vijiji vya wilaya: "Hujambo? Kama u mzima, bonyeza moja." Asiyebonyeza, mjumbe wa kijiji chake hupata ujumbe aende kumbishia mlango. Giung ndiye aliyeiunda. Baba yake alikufa zamani, mama yake yuko peke yake kule Solti, na mwenzangu huyu alikuwa na wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga.

Mwaka jana tulipokwenda kumsaidia mama yake kuchimba viazi, Giung alimweleza jinsi mashine zinavyofanya kazi. "Mama, fikiria kijiji. Kuna wakulima na kuna wazee watatu. Wakulima ndio wanaopiga simu. Wazee hawapigi simu, kazi yao ni kuamua nani alime wapi. Mkulima akianguka, wazee wanampeleka mwingine shambani kwake. Lakini hawaamui kitu mpaka wawili kati ya watatu wakubaliane."

"Na mzee mmoja akifa?"

"Wawili wanatosha."

"Akifa wa pili?"

"Yule wa tatu peke yake haamui hata rangi ya mlango. Wakulima wataendelea kulima walipo, ila akianguka mmoja, shamba lake limelala."

Mama Giung akapangusa udongo mikononi. "Basi anayekufa mzikeni upesi, mweke mwingine. Mmesoma miaka yote hiyo kujua hili?" Tulicheka mpaka viazi vikatuanguka.

Hao wazee watatu ni seva tatu ndani ya chumba kilicho chini ya jengo letu. Kila mmoja wetu alitunza moja, na kwa utani wa Giung tukazipa majina yetu: Ban, Giung, Jisuk. Wiki aliyokufa diski ya mashine yake ilikuwa imeanza kuharibika. Aliizima, akaipandisha juu, akaifungua. Bado iko mezani kwake, kifuniko pembeni, skrubu zimepangwa ndani ya kizibo cha chupa. Bisibisi iko pale alipoiweka.

Mashine imekufa, lakini jina lake bado limo katika orodha ya baraza la wazee hao. Na baraza halijui kufa. Linahesabu majina. Kwake yeye wazee bado ni watatu, na uamuzi bado unataka kura mbili. Kwa hiyo tuliobaki nao, Ban na Jisuk, lazima wote wawili wawe wazima kila dakika. Dawa yake ni kazi ya asubuhi moja: unalifuta jina la aliyekufa, unaingiza mashine mpya mahali pake. Mashine mpya ninayo stoo, bado imo ndani ya boksi lake.

Nikaenda kwa Mkuu. "Mkuu, naomba leo nilitoe jina la Giung kwenye orodha ya baraza, niweke ile mpya."

Hakuinua macho. "Mashine ya Giung isiguswe."

"Mkuu, ni hatari. Tukipoteza moja tu..."

"Nimesema isiguswe, Jisuk. Mpaka arobaini na tisa ipite."

Kwetu roho ya maiti huzunguka siku arobaini na tisa kabla ya kwenda moja kwa moja. Husikia tunayosema, huona tunayotenda. Siku ya mwisho hufanywa ibada hekaluni, na ikimalizika hasikii tena. Bibi yangu alikuwa akiamini. Sikujua kuwa mtu mwenye shahada ya uhandisi, anayenikemea nikichelewa dakika mbili, naye anaamini.

"Kwa hiyo tumsubiri marehemu atupe ruhusa?" nikasema. Ulimi wangu hauna breki.

Nilidhani atafoka. Badala yake alishika ukingo wa meza, akalia mbele yangu, mtu mzima, kamasi zinamtoka. "Nilimpangia zile zamu mimi," akasema. "Sasa nimfute na jina?"

Nikatoka nikafunga mlango polepole.

17 Juni

Jana jioni ilikuwa ibada ya juma la kwanza. Mkuu alikwenda hekaluni, mimi nilibaki na simu.

20 Juni

Mvua za msimu zimeanza. Mapema mwaka huu.

24 Juni

Mvua. Mkuu ameweka kopo la kahawa kando ya mashine iliyofunguliwa. Kila asubuhi analibadilisha, lile la jana analinywa yeye, baridi.

Nilimwona bahili na katili miaka sita. Sasa sijui nimweke fungu gani.

28 Juni, Jumamosi

Tumekwenda Solti kupeleka vitu vya Giung: koti, miwani, miavuli minne. Mama alikuwa uani, juu ya jukwaa la mawe lenye mitungi yake ya soya, anaifunika kabla mvua haijarudi. Mitungi hiyo ikiingia maji, mchuzi wa mwaka mzima umeharibika. Wanasema kijiji kizima hutegea sikio vifuniko vya Mama Giung kujua mvua inakuja.

"Ingieni, mnalowa kama majongoo," akatuambia. "Jisuk, umekonda. Nani atakuoa na mifupa hiyo?"

"Mama, mwenye kunitaka atanipima kwa mizani?"

"Atakupima kwa macho, na macho ya wanaume ni mizani mibovu. Kula."

Alitukaangia chapati za vitunguu, kama watu wote wafanyavyo mvua ikinyesha, akamwagia Mkuu pombe ya mchele kwenye bakuli. Akaja Gwak, mjumbe wa kijiji, mzee wa miaka sabini ambaye pale ndiye kijana. Miguuni alivaa viatu vya Giung. Mkuu alivitambua, akaweka bakuli chini.

"Mama, umevitoa? Kabla ya arobaini na tisa?"

"Miguu ya Gwak inalowa leo, mwanangu. Hailowi mwezi ujao."

Gwak akaona aibu, akaanza kuvivua. Mama akampiga mgongoni kwa mwiko. "Vaa! Unataka kunipa kazi ya kukuzika na wewe?"

Tulipokuwa tunaondoka nikamuuliza kama simu ya asubuhi inamfikia. Akaniambia, "Inafika. Saa moja kamili, hata mvua iwe ya mawe. Nabonyeza moja, nasema, haya Giung, mama yako hajafa bado. Kisha naendelea na shughuli zangu." Hapo ndipo sauti yake ilipokatika, mara moja tu, akageuka kuokota vyombo.

Garini Mkuu ndiye aliyeendesha hadi mjini Jeonju. Mimi nilikuwa na neno mdomoni, kwamba hata mama mzazi hangojei. Sikulisema. Nilimwogopa akilia akiwa ameshika usukani.

1 Julai

Jana ilikuwa ibada ya juma la tatu. Mvua.

4 Julai

Mvua. Shati langu halijakauka tangu Jumanne.

8 Julai

Maji yanachuruzika ukutani katika chumba cha seva. Nimeweka ndoo mbili na kitambaa. Nimemwendea Mkuu kwa mara ya pili, safari hii kwa adabu.

"Mkuu, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Zimebaki wiki tatu, Jisuk. Unashindwa kuzisubiri? Alikuwa akikununulia chakula cha mchana wewe, si mimi."

Nikarudi chini kumwaga ndoo. Ni kweli, alikuwa akininunulia.

11 Julai, Ijumaa

Radi. Saa nane mchana, tukiwa tunakula tambi. Taa zilizima, zikawaka, zikazima, na chini kukasikika mlio mfupi. Nilishuka nikavuta harufu ya plastiki iliyoungua. Ilikuwa ni Jisuk, mashine yangu. Pawa saplai, kile kisanduku cha kuipa umeme, imeungua, na ni ya aina isiyopatikana mjini hapa.

Basi baraza limebaki na Ban peke yake. Nilijaribu kulipa amri ndogo kabisa ya kuongeza simu moja. Likakataa. Nikajaribu kuuliza tu nani yuko wapi. Likakaa kimya, halafu likasema muda umekwisha. Mzee mmoja kati ya watatu, wawili wamekufa, na yeye hana taarifa kwamba wamekufa. Bado anasubiri kura zao.

Mkuu alisimama nyuma yangu. "Simu za kesho zitatoka?"

"Zitatoka. Wakulima wanalima. Ila asianguke mmoja."

"Kifaa kitafika lini?"

"Kinatoka Incheon. Wanasema Jumatatu."

"Basi tungoje Jumatatu. Yako ikiwaka, kura ni mbili tena. Hakuna haja ya kugusa ya Giung."

Hesabu yake ilikuwa sawa. Nilijua kuna njia nyingine, ngumu, ya kulifufua baraza siku hiyo hiyo. Ningeweza kubishana. Nilikuwa nimelowa hadi magotini na nimechoka kumwona akilia. Nikasema sawa.

12 Julai

Mvua. Ubao wa hali kwenye skrini wote ni kijani.

13 Julai

Mvua. Kijani.

14 Julai, Jumatatu

Kifaa hakijaja. Mlima umeporomokea barabara kuu. Wanasema kesho, labda keshokutwa. Ubao ni kijani. Nimekwenda nyumbani mapema.

15 Julai, Jumanne

Nitaandika yote leo, nisije nikaanza kujidanganya kesho.

Saa mbili na nusu asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa Gwak, anahema.

"Binti, mashine yenu imelala?"

"Haijalala, Mjumbe. Ubao unaonyesha kijani."

"Kijani cha nini? Mama Giung kalala uani toka Jumapili!"

Mkewe Gwak alikuwa akipita kwa mwavuli, akaona mtungi mmoja uko wazi na mvua inauingia. Akasema Mama Giung haachi mtungi wazi. Akasukuma lango. Mama alikuwa chini ya jukwaa la mawe, ubavu mmoja kwenye matope, nyonga imevunjika. Aliteleza Jumapili alfajiri alipotoka kufunika mitungi. Siku mbili, mchana na usiku, na mvua juu yake. Alikuwa hai. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Mimi sikupata ujumbe," Gwak alikuwa akirudiarudia. "Mashine haikuniambia, nikajua ni mzima. Zamani nilikuwa nazunguka kila asubuhi. Mlipotuletea simu ndiyo nikaacha. Mashine haikuniambia, binti."

Nilishuka chini mbiombio. Mmoja wa wakulima, seva inayowapigia wazee wa vijiji vya mashariki, alikuwa amezimika. Kwenye kumbukumbu zake neno la mwisho ni la Jumamosi jioni. Siku nyingine yoyote baraza lingegundua kwa dakika chache na kumpa mwingine kazi yake. Lakini hapakuwa na baraza. Na ule ubao wa kijani niliokuwa nautazama kwa siku tatu ulikuwa unanionyesha habari za mwisho baraza lilizoandika kabla ya radi. Nilikuwa natazama picha ya juzi na kuiita leo. Kazi ya seva naifanya mwaka wa tisa, tangu kabla sijaja hapa.

Niliwapigia wazee wote wa mashariki mmoja mmoja, kwa mdomo wangu mwenyewe. Wote wazima. Mmoja akanikaripia: "Siku tatu hampigi! Nilidhani mmekufa ninyi."

Mkuu alinikuta kwenye ngazi. Nilimwambia kwa maneno machache, kwa sababu mengi yangekuwa matusi. Alishika ukuta. Nilijua anawaza nilichokuwa nawaza: tumelilinda jina la mwana, tumemtupa mama.

"Fanya," akasema.

Vitabu vya kazi hii huiandika amri ya njia ile ngumu pamoja na onyo. Mashine moja iliyobaki inaambiwa: uko peke yako sasa, wafute wenzako, anza baraza upya kwa kura yako moja. Kwanza nilichukua nakala ya kila kitu ilichokuwa inakumbuka. Kisha nikaandika amri, na Mkuu akaisoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, kama tufanyavyo kwa mambo yasiyorudi nyuma.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. Mistari ikaanza kutiririka. Orodha ya baraza ikatokea na jina moja tu. Muda si muda ubao ukabadilika, ukasema ukweli: mkulima wa mashariki, mwekundu. Na mbele ya macho yetu kazi zake zikaanza kuhamia kwa wengine, moja baada ya moja, bila kelele. Ndivyo ingekuwa Jumamosi. Ingechukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai.

Nilileta ile mashine ya stoo. "Niiite nani?" nikamuuliza.

"Namba tu," akasema Mkuu. "Ipe namba."

16 Julai

Mama amefanyiwa upasuaji. Maji yameingia mapafuni.

17 Julai

Mvua. Hospitali wanaturuhusu kumwona kupitia kioo.

18 Julai, Ijumaa

Wilaya wanataka maelezo. Mkuu aliandika ukurasa mmoja akanipa nisome. Ulisema: radi, maporomoko ya mlima, na "mashine ambayo marehemu aliiacha bila kuikamilisha."

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. "Mkuu, umemtupia maiti lawama."

"Si uongo. Hakuimaliza."

"Hakuimaliza kwa sababu alikufa! Na alikufa kwa sababu ya nani?"

Wiki zote hizi nilijiambia sitalisema. Limetoka. Mkuu alivaa koti akaondoka bila mwavuli.

19 Julai

Hakuja. Mvua.

21 Julai, Jumatatu

Nimekuta karatasi mpya mezani kwangu. Inasema: mkuu wa kitengo alishauriwa mara mbili kuondoa mashine iliyokufa, akakataa kwa sababu zake binafsi. Chini, jina lake na muhuri wake. Ameipeleka wilayani mwenyewe kwa miguu.

Nilichukua kalamu nikaongeza kwenye nakala yangu kwamba Julai kumi na moja mimi nilisema sawa. Nilipomwonyesha akatikisa kichwa. "Wewe ulitii." Nikamwambia kosa la kutii nalo lina mwenyewe. Tukakaa, tukanywa kahawa. Mtu huyu nimemchukia, nimemdharau, na sasa namwonea huruma, na yote hayo ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Tuliulizana nani amweleze mama. Mkuu akasema tusubiri apate nguvu kwanza, mgonjwa haelezwi mambo mazito. Niliona ni busara.

22 Julai

Nimemwona Mama. Alikuwa hajitambui vizuri, dawa. Nimemmenyea pichi, akala kipande kimoja. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikaendelea kumenya.

25 Julai, Ijumaa

Jua, kwa mara ya kwanza. Watu wametandaza magodoro kwenye vibaraza mji mzima.

Mama ameamka sawasawa. Sauti ni ndogo lakini macho ni yaleyale. Hatatembea tena. Binamu yake ametafuta nafasi katika nyumba ya wazee, na Gwak atachukua shamba. Alipoambiwa alisema tu, "Mitungi asiihamishe wakati wa joto."

Nilimletea picha ya Giung yenye fremu, niliyoichukua kwenye meza yake. Nikaiweka kando ya kitanda. Aliitazama, akageuza uso ukutani.

"Irudishe. Sitaki kuiona."

"Mama..."

"Irudishe, Jisuk."

Nilijua ni uchungu wa mzazi. Nikaitia mkobani. Daktari amekataa atolewe kwenda hekaluni Jumatatu, mapafu bado. Nilidhani atagomba. Akaomba maji tu.

28 Julai, Jumatatu

Arobaini na tisa.

Tulikuwa wachache: Mkuu, mimi, Gwak na mkewe, binamu. Mtawa alisoma kwa muda mrefu, jasho linatutiririka. Mkuu alisujudu mpaka magoti yakamtetemeka. Mwishoni tulitoka uani, wakachoma shati lake na karatasi yenye jina lake. Mtawa akatuambia, mwenye neno la mwisho amwambie sasa, akishakwenda hasikii. Mkuu aliomba radhi kwa sauti. Mimi nilimshukuru kwa chakula cha mchana, nikajiona mjinga, nikalia. Gwak alimshukuru kwa viatu. Moto ulizimika saa sita.

Tulikwenda hospitali moja kwa moja, nguo zinanuka moshi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba leo ndiyo siku ya kumwambia, ibada imekwisha, moyo wake umetulia. Mama alikuwa ameketi, mito mgongoni.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, Mama," nikasema. "Saa sita."

"Amekwenda?"

"Amekwenda vizuri," akasema Mkuu.

"Haya. Aende." Alitazama mikono yake. "Sikutaka kuja hata kama daktari angekubali. Ninyi ni rafiki zake, nitawaambia. Nilipoanguka sikuogopa. Nilisema, saa moja simu italia ndani. Nisipopokea, Gwak atakuja. Mwanangu ndiye aliyeitengeneza, haiwezi kukosa. Nikalala pale kwenye matope nikiisubiri. Saa moja ikafika. Haikulia. Nikasema labda kesho. Usiku mzima nikasubiri kesho. Kesho nayo haikulia."

Akavuta shuka hadi kifuani.

"Nikamtukana. Maneno ambayo mama hamwambii mwana. Nilimwambia, umeniacha peke yangu, na hata ile kazi uliyojiulia ni ya ovyo. Nilimwambia nikifika huko asije kunipokea, simtambui. Na nilijua ananisikia. Mimi nilitaka anisikie."

Mkuu alipiga magoti kwenye sakafu, hapo hapo. Akamweleza yote, bila kujifunika: mashine iliyokufa, jina lililoachwa orodhani, radi, hesabu za kura, mimi kumshauri na yeye kukataa. Mara mbili alikwama na mimi nikaendelea. Niliongeza la kwangu, la kusema sawa.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, Mama. Kazi yake haikuwa na kosa. Ni sisi. Tulitaka kumheshimu."

"Mlijua lini?"

"Siku ile ile ulipookotwa," nikasema.

Aligeuza kichwa akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasorobo. Aliitazama kwa muda mrefu, midomo yake inacheza kana kwamba anahesabu, na ndipo nami nikahesabu: moto ulizimika saa sita, na tangu hapo Giung hasikii tena.

"Mngekuja asubuhi," akasema.

Mkuu akainamisha uso mpaka sakafuni. Nilimshika Mama mkono. Hakuutoa, lakini haukunishika.

"Hata leo asubuhi," akasema tena. "Mngekuja asubuhi."